Mapezi ya mazoezi ya mateke: uzoefu wangu na ubapa mfupi wa silikoni

Nimekuwa nikifanya mazoezi ya mateke nikiwa nimevaa miguuni mapezi ya silikoni yenye ubapa mfupi (ile sehemu bapa inayotokeza mbele ya vidole) na kisigino kilichofunikwa, katika bwawa la mita 25 hapa Mombasa, na kwa maoni yangu aina hiyo humfaa muogeleaji anayetaka kuimarisha miguu yake kuliko aina nyingine zote nilizowahi kuvaa. Naona ni muhimu kulieleza jambo hili kwa sababu maduka mengi ya pwani yetu huuza mapezi kwa ajili ya wazamiaji na wageni wanaokwenda kutazama matumbawe, na muuzaji asiyeogelea huweza kumhakikishia mnunuzi, kwa nia njema kabisa, kwamba mapezi yote hufanya kazi moja.

Mapezi ya kuzamia yametengenezwa kwa kazi tofauti. Mzamiaji hubeba mtungi wa hewa, huenda polepole, na hutaka kila teke limsogeze mbali bila kumchosha. Kwa hiyo ubapa wake huwa mrefu na mgumu, na mara nyingi kisigino huachwa wazi ili pezi livaliwe juu ya kiatu cha mpira na kufungwa kwa mkanda. Muogeleaji wa bwawani anahitaji kinyume cha hayo. Katika mtindo huru wa mbio fupi, miguu hupiga mateke sita kwa kila mzunguko kamili wa mikono miwili, na ubapa mrefu unaosukuma maji mengi kwa wakati mmoja haumruhusu mtu kufikia kasi hiyo. Nilipojaribu jozi ndefu ya mwenzangu, mateke yangu yalikuwa mapana na mazito, misuli ya mbele ya miguu ikauma mapema, na mpangilio wa mikono na miguu ukavurugika.

Kwa ubapa mfupi, kasi ya mateke hubaki karibu na ile ya mguu mtupu, ilhali uzito wa maji huongezeka kiasi cha kuyafanya mapaja na nyonga zifanye kazi ya kweli. Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba pezi humfundisha mtu teke la kwenda juu. Wengi wetu husukuma maji kuelekea chini tu, kisha mguu hurudi juu bila kufanya kazi yoyote. Ukivaa pezi, unahisi maji upande wa nyayo mguu unapopanda, na misuli ya nyuma ya paja na ya makalio hulazimika kushiriki. Vilevile, anayekunja magoti mno kana kwamba anaendesha baiskeli hugundua kasoro hiyo upesi, kwa kuwa ubapa huyakata maji vibaya na mwendo hupungua papo hapo. Wazo la kufupisha ubapa si geni: kampuni ya FINIS ya California, iliyoanzishwa mwaka 1993 na John Mix pamoja na Pablo Morales, bingwa wa Olimpiki wa mita 100 kipepeo huko Barcelona mwaka 1992, imejulikana kwa muda mrefu kwa mapezi yake mafupi yaitwayo Zoomers.

Sisemi kwamba ubapa mrefu hauna nafasi. Anayeanza kujifunza, hasa mtu mzima ambaye vifundo vyake vya miguu vimekakamaa kwa miaka ya kukimbia au kucheza mpira, hunufaika na ubapa wa urefu wa wastani uliotengenezwa kwa mpira laini, kwa sababu humnyoosha kifundo taratibu na kuinua nyonga zake karibu na uso wa maji. Hata anayejifunza mateke ya pomboo, yaani miguu miwili ikipiga kwa pamoja, huelewa mapema zaidi jinsi mwendo unavyoanzia kifuani na kushuka hadi kwenye vidole.

Jambo ninalomsihi kila mnunuzi alizingatie kuliko urefu, rangi au jina la kiwanda ni jinsi pezi linavyoushika mguu. Saizi nyingi huunganisha namba mbili au tatu za viatu, kwa hiyo namba ya kiatu pekee haitoshi. Mguu uvae pezi ukiwa umeloweshwa; kisigino kikae bila kuchomoka unaposimama kwa ncha za vidole, na vidole vilale bila kukunjwa wala kubanwa. Pezi likilegea, maji huingia, mguu huteleza, na ngozi ya kisigino huchubuka. Likibana, ganzi huja, na mara nyingi misuli ya kigimbi au ya unyayo hukakamaa ghafla katikati ya bwawa. Hapa ndipo silikoni ilipoushinda mpira kwangu, kwa kuwa hulainika na kulifuata umbo la mguu. Ni ghali zaidi, na baadhi ya jozi huzama zikiachwa majini, lakini ningelipa tena bei hiyo kwa ajili ya visigino vyangu.

Katika mazoezi, huyavaa mapezi kwa sehemu tu ya kipindi. Hupiga mateke nikiwa chali, mikono imenyooshwa juu ya kichwa, kisha kwa ubavu, na mara baada ya hapo huyavua na kurudia umbali uleule kwa miguu mitupu ili mwili uuhifadhi mwendo huo. Ubao wa kushika mikononi siutumii sana pamoja na mapezi, kwa sababu huinua kifua na kuukunja mgongo. Ikumbukwe pia kwamba mapezi hayaruhusiwi katika mashindano ya kawaida ya kuogelea, na baadhi ya mabwawa ya umma huyakataza wakati wa msongamano, hivyo ni vyema kumwuliza msimamizi kabla ya kununua.

Baada ya kuogelea huyasuuza kwa maji baridi yasiyo na klorini na kuyaanika kivulini, yakiwa yamelazwa bapa.

Kwa anayefanya zaidi mtindo wa chura, sipendekezi jozi hii, kwa kuwa teke la mtindo huo huhitaji nyayo zigeuzwe nje na kusukuma maji kwa upande wa ndani wa mguu, na ubapa ulionyooka mbele ya vidole huuzuia mwendo huo.