Beccaria au Chicago: nadharia ipi kwa utafiti wako wa uhalifu?

Kila muhula swali ni lilelile: utafiti wangu wa uhalifu Nairobi niujenge juu ya nadharia ipi? Chukua simu inayonyakuliwa dirishani mwa matatu pale Muthurwa, foleni imesimama.

Cesare Beccaria, mwanafikra wa Italia aliyeandika juu ya uhalifu na adhabu mwaka 1764, angesema kijana yule amepiga hesabu: simu ni pesa ya leo, kukamatwa ni labda. Kwake, uhakika na uharaka wa adhabu huzuia uhalifu kuliko ukali wake. Nadharia hii ni nafuu: majalada ya mahakama, takwimu za polisi, basi. Ila wengi wanaoibiwa simu hawaripoti, kwa hiyo unaanza na pengo.

Clifford Shaw na Henry McKay, wanasosholojia wa Chicago, Marekani, wangeuliza kijana anatoka mtaa gani. Mwaka 1942 walionyesha kuwa mitaa fulani ya Chicago ilibaki na uhalifu mwingi wa vijana hata wahamiaji wa taifa moja walipohama na wa jingine kuingia. Hapo ndipo penye utamu, na penye jasho: utazunguka Mathare mlango kwa mlango, nauli na vibali juu yako. Na chunga usiupake mtaa mzima matope. Wengi huko wanaamka alfajiri kwenda vibaruani.

Una miezi mitatu na swali la sheria? Beccaria atakutosha. Una mwaka, na mwenyeji wa kukutembeza? Fuata njia ya Chicago, ya Shaw na McKay. Mimi nilichanganya zote mbili. Msimamizi akanirudishia sura ya pili mara tatu.