Cassandra kama Ghala la Historia ya Shughuli za Watumiaji

Cassandra, kanzidata iliyobuniwa ndani ya Facebook na kufunguliwa kwa umma mwaka 2008, inafaa sana kuhifadhi historia ya shughuli za watumiaji, mradi mbunifu akubali sharti lake kuu: jedwali hupangwa kwa kufuata maswali yatakayoulizwa, wala si kwa kufuata umbo la data yenyewe.

Tuchukue swali la kawaida, yaani matukio ya karibuni ya mtumiaji mmoja. Ufunguo wa kizigeu (thamani inayoamua ni rekodi zipi zitakaa pamoja katika fungu moja la data, yaani kizigeu) ukiwa kitambulisho cha mtumiaji peke yake, kizigeu cha mtu mwenye pilikapilika nyingi kitavimba bila kikomo, ilhali inashauriwa kisizidi takriban MB 100. Kwa hiyo kitambulisho huunganishwa na mwezi, na ndani yake matukio hupangwa kwa wakati, la karibuni likitangulia. Wakati huo nao uambatane na namba ya pekee, kwani matukio mawili yenye ufunguo mmoja hayazui hitilafu yoyote: la pili hulifuta la kwanza kimyakimya.

Uandishi wa data katika Cassandra ni wa kasi ya kuridhisha, na kila rekodi huweza kupewa ukomo wa muda wa kuishi, unaohesabiwa kwa sekunde, kwa mfano 7,776,000 kwa siku 90. Hata hivyo, rekodi iliyokwisha muda haiondoki papo hapo. Huacha alama ya ufutaji, na alama hizo zikirundikana usomaji huzorota.

Anayetaka kujua ni nani wote waliobofya kitufe fulani jana atahitaji jedwali la pili lenye data ileile, lililopangwa kwa kufuata swali hilo; kwa timu ndogo yenye data chache, naona PostgreSQL, kanzidata ya kawaida ya majedwali yanayohusiana, inatosha kabisa.