Makoti yetu, dalali wa kuhamisha vyombo, na mbuzi ya mama yangu

Makoti yalikuwa kwenye lori. Naanzia hapo maana kila ninayemsimulia swali lake la kwanza ni hilo, mlihamia Minnesota mwezi wa kumi na moja bila makoti, mna akili kweli? Akili tunazo. Makoti tulinunua Houston, matano, mapya, ya bei mbaya, yale yana manyoya kwenye kofia. Sasa Houston mwezi wa kumi na moja mtu anatembea na tisheti, nani ataweka makoti matano yaliyovimba kama magodoro kwenye gari yenye watoto watatu, chupa ya uji na mabegi ya nguo? Tukayatia kwenye maboksi mawili, nikaandika MAKOTI kwa maka peni nyekundu pande zote nne, yakapanda lori. Kijana wa simu alisema mzigo unafika siku tatu mpaka tano, sisi tunaendesha siku mbili, hesabu si inakubali?

Kumbe yule kijana hana hata toroli. Ni dalali. Kazi yake ni kukaa na simu, kukuita jina lako kwa sauti ya asali, kuchukua amana, halafu mzigo wako anaunadi kwa mwenye lori yeyote atakayekubali bei. Mimi sikujua, nilidhani naongea na wenye magari. Wenzangu msifanye nilivyofanya, kila kampuni ya kuvusha vyombo jimbo kwa jimbo lazima iwe na namba ya USDOT, yaani ya usajili wa Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, unaiweka kwenye tovuti ya serikali inakwambia huyu ni msafirishaji au ni dalali tu. Dakika mbili. Mimi dakika mbili hizo nilikuwa nazo nikazitumia kufunga vikombe kwa magazeti.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Unapanda I-45 mpaka Dallas, ukishaikamata I-35 basi, Oklahoma, Kansas, Missouri, Iowa, barabara ni hiyo hiyo mpaka Minnesota. Texas tumetoka na kandambili. Iowa usiku kioo kikachafuka, baba watoto anabonyeza maji ya waipa, kimya, yale maji ya Houston yameganda yote. Tukasimama sheli, mwanangu wa kati akashuka na kandambili zake kwenda chooni, sekunde kumi hazijaisha karudi mbio analia, "Mama, hewa inauma!" Tukacheka wote. Tulicheka kwa sababu tulijua makoti yanakuja nyuma yetu.

Siku ya tano hakuna lori. Ya sita hakuna. Nyumba tumepata Brooklyn Park, hapo hapo Minnesota, nzuri, hita inafanya kazi, ila ni tupu, tunalala kwenye kapeti tumejifunika khanga na mataulo, na hewa ya hita kavu kiasi kwamba ukigusa kitasa kinakupiga shoti na mdogo anatoka damu puani kila asubuhi. Nje digrii kumi, kumi za Fahrenheit jamani, yaani kama hasi 12 za kwetu. Shule inawangoja na basi la shule linasubiriwa barabarani, halichukui mtu sebuleni.

Nikampigia kijana. Hii simu ndiyo imenifanya niandike haya yote, maana mzigo kuchelewa unachelewa, malori yanaharibika, sawa. Nikamwambia vizuri tu, kaka yangu, nisaidie, kwenye lori lako mna makoti ya watoto, niambie hata liko mji gani. Akacheka. Si kicheko cha kujificha wala cha aibu, ni kile cha puani, fyu! halafu akasema, mama, umehamia Minnesota, ulitegemea nini? Soma mkataba wako, ni siku 21 za kazi.

Siku 21 za kazi! Jumamosi haihesabiwi, Jumapili haihesabiwi, sikukuu ya Thanksgiving haihesabiwi, ukipiga hesabu ni mwezi na ushee, na imeandikwa kweli, ukurasa wa tatu, kwa herufi za sisimizi. Kwa hiyo kisheria kijana yuko sawa. Nakubali, yuko sawa. Lakini kile kicheko hakikuwa kwenye mkataba.

Tukaenda kununua mitumba. Mimi niliyekulia Tanga kwenye mitumba ya Marekani nimekuja kuinunua Marekani kwenyewe, makoti matatu ya watoto, moja zipu mbovu tukalifunga na pini. Jirani, mama mmoja wa Kiliberia, akatuletea blanketi nne na glavu bila kuulizwa, hiyo mitaa Waliberia na Wakenya wako wengi na wanajua mtu mgeni kwa kumtazama miguuni tu.

Lori likaja wiki ya tatu hivi. Kabla halijafika simu nyingine, ofisi inasema mzigo umezidi, makadirio yalikuwa dola 2,900 sasa ni 4,350, pesa taslimu au hundi ya benki, la sivyo mlango wa lori haufunguliwi. Hapa ndipo nashukuru shemeji yangu anaendesha malori, alituambia mapema kwamba kama makadirio si ya bei iliyofungwa, ile isiyobadilika, basi mlangoni hawaruhusiwi kukulazimisha ulipe zaidi ya asilimia 110 ya makadirio, inayobaki wakutumie bili baadaye. Baba watoto akawaambia 3,190 hii hapa, nyingine andikeni barua. Wakaanza kelele.

Wakati wanapiga kelele kwenye simu, dereva, mzee mmoja mrefu mkimya, aliyeuchukua mzigo wetu ghalani Dallas juzi yake tu, akazunguka nyuma ya lori akafungua. Akatafuta. Akashuka na boksi mbili zenye maandishi mekundu akaziweka miguuni kwangu akasema hizi hazingojei pesa. Nililia wallahi, mtu mzima, kwenye theluji. Mabosi zake wangeweza kumkata. Dakika ile ningeulizwa niipe kampuni nyota ngapi mtandaoni, ningewapa nne na chai juu.

Basi nyota nne zilidumu mpaka jioni.

Jioni nafungua vyombo vya jikoni natafuta mbuzi yangu ya kukunia nazi. Ni ya mama, alinipa naondoka, mti wa mninga, pale pa kukalia pamelainika kwa miaka ya kukaliwa. Kimekuja kigoda. Chuma chake hakipo, kimeng'olewa, zimebaki tundu mbili za misumari. Naangalia karatasi yao ya orodha waliyoandika Houston wakati wa kupakia: stuli ndogo ya mbao, na mbele yake BR, alama yao ya kitu kilichovunjika. Yaani waliona stuli yenye chuma kimechomoza wakaamua hii imevunjika, wakaniwekea nisaini nikasaini, ukurasa wa saba huo nani anasoma.

Nikadai. Jibu la kwanza, ilishavunjika tangu mwanzo, umesaini mwenyewe. Nikaandika tena na picha ya zamani nimeikalia nakuna. Jibu la pili, bima yako ni ile ya bure, senti 60 kwa kila ratili, kitu chenyewe ratili nne. Hundi ikaja kwa posta. Dola mbili na senti arobaini.

Kwa hiyo nyota moja. Nilikuwa nimeweka mbili, ya pili ya dereva, lakini mtandao unazipa kampuni na si mtu, nikaifuta, halafu nikaona namdhulumu mzee wa watu nikairudisha, leo nimeifuta tena. Watoto baridi wameshaizoea, mdogo anakula theluji mlangoni kama lambalamba. Hundi sijaipeleka benki, iko kwenye friji na sumaku. Mama kila akipiga simu, nikishamwamkia tu ananiuliza, mbuzi ilifika salama? Namjibu, ilifika mama.