Tope la mto au zeolaiti: nani anaishika sesiamu?

Kila nikifundisha mada ya mionzi hapa Mbeya, swali huwa hilohilo: kipi kinaishika vizuri zaidi sesiamu, metali ambayo aina yake ya sesiamu-137 hutoa mionzi? Wengine wanalitetea tope, wengine zeolaiti.

Chota maji ya mto Kiwira wakati wa masika, yaache kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi chini kuna utando laini, unateleza kama uji. Kama ndani yake kuna ilaiti, madini yenye tabaka zilizopangana kama kurasa za daftari lililochakaa pembeni, sesiamu-137 hupenya kwenye zile pembe na kunaswa. Kuitoa ni shughuli. Ila si kila udongo uko hivyo: kaolini, ule mweupe, hushika kidogo tu.

Zeolaiti ni jiwe lenye vitundu vya asili. Huivuta sesiamu haraka, na maji hupita katikati yake, kazi ambayo tope haliwezi, lingeziba chujio. Ndiyo maana baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, mwaka 2011 ilitumika kusafisha maji ya mtambo huo. Lakini maji ya chumvi huipunguzia nguvu, na ikishajaa inakuwa taka ya mionzi yenyewe, ya kulindwa miaka mingi: sesiamu-137 hupungua nusu kila miaka 30 hivi.

Kwa bei, tope ni la bure, ila mafuriko yakija linaondoka na mzigo wake mpaka kwenye mabonde ya mpunga.

Mwenye tangi achukue zeolaiti. Mwenye shamba kando ya mto apime kwanza udongo wake una madini gani.