Kifurushi cha dharura cha Sh 45,000: nilichotumia Luchelele na nilichotupa

Nina miezi saba na kifurushi hiki. Nimepanda nacho vilima vya mawe vya Luchelele, hapa Mwanza, nimekwenda nacho Kayenze, na mara moja kisiwani Saanane. Nilikinunua katikati ya mji kwa Sh 45,000, kikiwa kwenye mkoba mwekundu wa zipu, vitu 18 ndani. Nilipokiweka kwenye mizani ya mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, kilisoma gramu 920. Ukishabeba lita mbili za maji, hiyo kilo kasoro kidogo utaijua ukifika nusu ya kilima. Ndipo nikaanza kukichambua.

Nianze na filimbi, maana ndiyo iliyotutoa.

Tulikuwa Luchelele na binamu yangu, jioni, manyunyu yameshapita. Kwenye mawe yetu haya, zile sehemu nyeusi zikilowa hazishiki hata soli mpya. Mguu wake ukateleza, kifundo kikapinda, akaketi palepale. Saa moja kasoro robo. Jua la Mwanza likishazama giza halichelewi, na tulikuwa kwenye mpasuko kati ya mawe mawili makubwa, simu haioni mtandao hata ukiinyanyua. Filimbi ya kifurushi ni ya plastiki, rangi ya chungwa, haina kigololi ndani, kwa hiyo kulowa hakuizibi. Nikapuliza mara tatu, nikanyamaza kama dakika moja, nikapuliza tena tatu. Mzunguko wa nne au wa tano nikasikia kutoka chini salamu ya Kisukuma, "Mwadila!" Alikuwa mzee anayerudisha mbuzi. "Tulieni hapohapo wanangu, msishuke huko, njia iko upande wa pili." Alikuja na fimbo yake, akamwachia binamu aiegemee mpaka barabarani. Shikamoo babu, popote ulipo.

Tukimsubiri nilimfunga kwa bendeji ya kuvutika, kuanzia karibu na vidole kupanda juu ya kifundo, vidole nikaviacha wazi. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba: ukawa mweupe, nikaachia, wekundu ukarudi. Ungechelewa kurudi ningelegeza. Bendeji hiyo ni nzuri kweli, pana na imara, nimeshaifua mara tatu na bado inavuta.

Blanketi la dharura, lile la karatasi ya fedha, lilinipa moyo na kunikatisha tamaa kwa wakati mmoja. Lina uzito mdogo sana, likikunjwa linaenea kiganjani, na binamu aliyekuwa anatetemeka kwa nguo mbichi aliacha kutetemeka. Ila upepo wa ziwani ulipolipiga, ukingo ukakwaruza jiwe, ukachanika urefu wa kidole, na mchaniko ukakimbia moja kwa moja hadi upande wa pili. Sasa nimenunua la aina nene zaidi, na kingo nimezizungushia utepe wa nailoni wenye gundi.

Tochi sikuipenda hata kidogo. Ni ndogo ya betri za saa, ilififia kabla hatujafika barabarani. Nimeweka tochi ya kuvaa kichwani inayotumia betri za rimoti, ambazo duka lolote linazo, na mikono inabaki huru kushika mawe.

Kilichonikera zaidi ni kikombe cha kunyonya sumu ya nyoka, kimefungwa pamoja na wembe. Nimevitupa vyote viwili. Ukiumwa na nyoka usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Vua pete na viatu kabla havijabana, tuliza mguu usichezecheze, uwahishwe hospitali. Kuviuza vitu hivi kama huduma ya kwanza ni kumweka mtu hatarini, na nilimwambia muuzaji hivyo.

Vidonge vya kutibu maji vilikuwemo kumi, nimebaki navyo. Maji ya ziwa nayachuja kwanza kwa kitambaa, natia kidonge, nasubiri dakika 30. Lakini vidonge havizuii kichocho kwa anayesimama majini kuchota, kwa sababu vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi. Mimi nachota nikiwa juu ya jiwe kavu, kwa chupa iliyofungwa kamba.

Nimeongeza pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na kiberiti cha gesi ndani ya mfuko wa plastiki. Mkasi mzito, sabuni ya hoteli na kadi ya maelekezo ya lugha nisiyoijua vimetoka. Mizani ya mangi sasa inasoma gramu 430.

Naupa mzigo huu nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo ni za filimbi na bendeji. Mwenye uwezo wa kununua kimoja kimoja afanye hivyo. Na filimbi usiiweke ndani ya mkoba. Yangu sasa ninaning'iniza kwenye mkanda wa begi, karibu na mdomo, kwa sababu jioni ile niliitafuta gizani chini ya vitu vingine 17.