Paul Simon, Hyde Park 2012: wageni ndio waliolibeba onyesho

Watu wakiniuliza ni onyesho gani lililostahili kila senti ya kiingilio, nawatajia la Paul Simon, mwanamuziki wa Marekani, katika bustani ya Hyde Park, London, tarehe 15 Julai 2012. Mzee alikuwa na miaka 70. Alikuja kupiga nyimbo za Graceland, albamu yake ya 1986, pamoja na wale wale waliomsaidia kuitengeneza: Ray Phiri kwenye gitaa, Bakithi Kumalo kwenye besi, na kikundi cha waimbaji cha Ladysmith Black Mambazo chini ya Joseph Shabalala. Zaidi yao walikuwepo mpiga tarumbeta Hugh Masekela, Jimmy Cliff wa reggae na mwimbaji Thandiswa Mazwai.

Nilikwenda nikiwa na dukuduku. Nimekulia Morogoro, na Mazimbu walikoishi wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini ilikuwa pale pale kwetu. Kuwasusia makaburu halikuwa jambo la mzaha. Simon alikwenda kurekodi nyimbo za albamu hiyo Johannesburg mwaka 1985 ilhali Umoja wa Mataifa ulishataka wasanii wasiende, na alipofika London mwaka 1987 katika ziara ya Graceland alikuta waandamanaji nje ya ukumbi. Mpaka leo naona alipaswa kubisha hodi kwa wenyewe kwanza. Ila Masekela, aliyekaa uhamishoni miaka thelathini kwa sababu ya makaburu hao hao, alikubali kuzunguka naye katika ziara ile, na Hyde Park akaja tena. Mimi ni nani nimfundishe uchungu wa nchi yake?

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mgeni hakuitwa kuja kuitikia tu. Jimmy Cliff aliimba nyimbo zake mwenyewe, na uwanja mzima ukawa wake. Mambazo walipoanza “Homeless”, bila chombo hata kimoja, besi za wale wanaume zilitangulia taratibu, kisha sauti ya Shabalala ikapanda juu yake, nyembamba na safi. Waliokuwa wakipiga soga karibu yangu walinyamaza wenyewe.

Halafu Kumalo. Katika “You Can Call Me Al” kuna kipande kifupi cha besi ambacho kwenye rekodi nusu yake ya pili ni ile ya kwanza iliyogeuzwa kinyumenyume studio. Jukwaani hakuna wa kukugeuzia: ni vidole tu. Vikateremka, vikapanda, kwa sekunde chache, na watu wakapiga kelele kama wameona goli.

Kasoro zilikuwepo. Mvua za majira yale zilikuwa zimeacha tope, na waliokaa nyuma walipata sauti hafifu. Ni bustani hiyo hiyo ambayo usiku uliotangulia Bruce Springsteen na Paul McCartney walizimiwa mikrofoni kwa kupitisha muda. Sauti ya Simon nayo ilikuwa imepungua nguvu kule juu, ingawa alijua kuipumzisha na kuwaachia wenzake.

Kwa mliokosa, onyesho hilo lilitolewa kwa CD na DVD mwaka 2017. Phiri alifariki mwaka huo huo, Masekela 2018, Shabalala 2020, kwa hiyo kuwaona wote watatu jukwaa moja kumebaki kwenye rekodi tu. Itafuteni, na msiisikilizie kwenye simu. Tumieni spika zenye besi ya kutosha, la sivyo Kumalo hamtampata.