Kozi ya uuguzi msaidizi kwa sisi wahudumu wa wodi: nyota tatu kati ya tano

Miaka tisa nimedeki wodi, nimebeba vyombo vya haja, nimegeuza wagonjwa kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia, na cheo changu hakikusogea. Mwajiri alipotangaza kozi ya miezi kumi ya uuguzi msaidizi, niliandikisha jina siku ileile.

Kwanza, hawakutuanzisha sifuri. Wiki ya kwanza tulipimwa kwa vitendo: kumwogesha mgonjwa asiyeweza kuinuka, kumhamishia kwenye kiti cha magurudumu, kunawa mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60. Uliloliweza, unasamehewa somo lake. Mimi nilisamehewa manne, na nilitoka pale nikijisikia mtu mwenye ujuzi.

Somo lililonibadilisha ni la vipimo. Mkufunzi wetu, muuguzi mstaafu, alitufundisha kwamba ukimaliza kuhesabu mapigo usiuachie mkono wa mgonjwa. Endelea kuushika huku unatazama kifua chake dakika nzima, maana akijua unahesabu pumzi atabadilisha anavyopumua. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Usiku mmoja nilihesabu 32 kwa bibi ambaye sote tulidhani amelala tu. Nikamwita muuguzi, na daktari akaja haraka. Zamani ningempita na ndoo yangu.

Vipindi vilirudiwa asubuhi na jioni, kwa hiyo hata wa zamu ya usiku hakukosa. Ada ililipwa na mwajiri moja kwa moja. Hatukuambiwa tulipe kwanza turudishiwe baadaye. Kwa mishahara yetu, hapo ndipo wengi hukwama.

Nyota mbili nimezikata kwa sababu hizi. Saa za mazoezi wodini hazikulipwa, na wenzangu wawili wenye watoto wadogo wakaacha njiani. Halafu cheti ninacho, nafasi sina. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kuhusu wahudumu wa afya ya jamii unapendekeza wapewe mkataba wa maandishi, malipo yanayolingana na kazi, na ngazi ya kupanda. Sisi wa wodi tunastahili hayohayo. Ukitaka kujiunga, omba kwanza barua inayotaja daraja utakalopewa, mshahara wake na lini utaanza kuupata. Mimi sikuomba.

Ni mwezi wa nne sasa tangu nipate cheti, na bado nalipwa daraja la zamani. Ombi langu liko ofisi ya utumishi. Wakinijibu nitarudi kuandika hapa.